Mtafiti wa mbegu ya pamba asihamishwe-hamishwe

Mvua za msimu zinapoanza kushika katikati ya Novemba, wakulima wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega hupanda pamba, na mbegu wanayoifukia ardhini asili yake ni kazi ya watumishi wachache wa umma walioko Ukiriguru, wilayani Misungwi, mkoani Mwanza. UK77, UK82, UK91, UKM08: herufi mbili za mwanzo ni za kituo hicho, na tarakimu zinaashiria mwaka. Jina la mtu halimo. Hilo lenyewe halina ubaya, maana mtumishi wa umma hakuajiriwa ili atukuzwe. Ubaya ni kwamba Serikali nayo, kwa miaka mingi, imemtunza mtafiti wa mbegu kama vile inavyomtunza ofisa mwingine yeyote: akionekana hodari hupandishwa akakae ofisini, fedha zake hutolewa kwa mwaka mmoja mmoja na mara nyingi huchelewa, akifikisha miaka 60 huaga, na anayepaswa kuushika mwenge wake huenda hajaajiriwa bado. Hoja yangu ni kwamba kazi hii haifanani na kazi nyingine serikalini, kwa sababu huzaa matunda kwa mtu kubaki mahali pamoja muda mrefu, na mkoa wa kwanza kulipa gharama ya kutolielewa hilo ni Simiyu.

Simiyu ilianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na sehemu ya Mwanza, na sensa ya 2022 iliwahesabu wakazi wake kuwa zaidi ya milioni 2.1. Kwa misimu mingi mkoa huu umekuwa ukitoa karibu nusu ya pamba yote ya Tanzania, na mara nyingine zaidi ya nusu. Ni fedha za pamba zinazoezeka nyumba bati, zinazolipa ada, zinazonunua ng'ombe na zinazoziwezesha halmashauri kukusanya ushuru. Sasa tufanye hesabu ndogo. Nchi ikivuna tani 300,000 za pamba mbegu, kiwango ambacho imewahi kukivuka zaidi ya mara moja, kila asilimia moja ya nyongeza katika kiasi cha nyuzi kinachopatikana kinuni ni tani 3,000 za pamba nyuzi. Kwa bei ya dola moja na nusu kwa kilo, hizo ni dola milioni 4.5, yaani zaidi ya shilingi bilioni 10 kila msimu. Toa humo thamani ya mbegu za kukamulia mafuta zilizopungua, bado zinabaki fedha nyingi kuliko mishahara ya watafiti wote wa pamba nchini. Na asilimia moja si ndoto. Ni tofauti ya kawaida kati ya aina moja ya mbegu na nyingine, ile ambayo mtafiti huitafuta kwa kupima sampuli baada ya sampuli, msimu hadi msimu.

Inafaa kuitazama kazi yenyewe kwa karibu, kwa sababu wengi wanaopanga bajeti hawajaiona. Ua la pamba hufunguka asubuhi likiwa jeupe lenye manjano kidogo, na kesho yake limeshageuka kuwa la waridi. Nafasi ya kulichavusha ni saa chache tu. Anayetaka kuoanisha mimea miwili huanza jioni ya siku iliyotangulia: hulichagua tumba la ua ambalo halijafunguka, hulichana petali zake taratibu, huondoa viungo vyote vya kiume bila kukigusa cha kike, kisha hulifunika ili nyuki asifike. Asubuhi hurudi na chavua ya mmea aliouteua, huipaka, hufunika tena na kufunga kibandiko chenye namba. Maua mengi huanguka. Yanayoshika hutoa mbegu chache, zikapandwa msimu unaofuata, na hapo ndipo uchaguzi unapoanza: mmea huu una vitumba vingi lakini nyuzi fupi, ule una nyuzi ndefu lakini umeliwa na wadudu, huu mwingine ni mzuri ila unachelewa kupasuka. Huchukua vizazi kadhaa mpaka mimea ya ukoo mmoja ifanane. Baada ya hapo kuna majaribio ya vituoni, kisha ya mashambani kwa wakulima, kisha uhakiki wa Taasisi ya Uthibiti wa Mbegu, TOSCI, kisha kuzidisha mbegu mama hadi zitoshe. Kuanzia ua la kwanza hadi gunia la kwanza kwa mkulima wa Somanda au Mwanhuzi, miaka kumi si mingi. Pamba huota mara moja kwa mwaka, na hakuna waraka wa wizara unaoweza kuiharakisha.

Historia ya Ukiriguru inaonyesha kazi hiyo ilivyojengwa kwa tabaka, mtu akianzia alipoishia mwenzake. Katika miongo ya mwanzo ya pamba ya Usukuma adui alikuwa chawajani, mdudu mdogo anayefyonza utomvu hadi majani yakajikunja na kuwa mekundu. Dawa ya kunyunyizia haikuwepo ya maana. Ufumbuzi ulitoka Barberton, Afrika Kusini, ambako mtafiti F. R. Parnell alikuwa amegundua kuwa pamba yenye vinyweleo vingi majanini humkwaza mdudu huyo, akatoa aina iliyojulikana kama U4. Ukoo huo uliletwa kanda ya Ziwa, ukachaguliwa upya kwa ardhi na mvua za hapa. Chawajani alipopungua ukali, ugonjwa wa bakteria unaotia majani madoa na kuozesha vitumba ukawa ndio unaokula mavuno, na Malcolm Arnold, aliyekuwa Ukiriguru kabla ya kwenda kukiongoza kituo cha Namulonge nchini Uganda, alitumia misimu mingi kuiambukiza mimea makusudi na kubakisha ile iliyovumilia. Wakati huohuo, mwaka 1954, ulionekana ugonjwa mwingine karibu na ziwa: mnyauko wa fuzari, kuvu anayekaa udongoni na kuziba mishipa ya maji ya mmea. Huo haunyunyiziwi dawa. Njia pekee ya maana ilikuwa kupanda maelfu ya miche kwenye shamba ambalo udongo wake umejaa ugonjwa, kungoja mingi ife, na kuanza upya na michache iliyosalia. R. J. Hillocks aliuchunguza mnyauko huo Ukiriguru na akaonyesha jinsi minyoo fundo inavyojeruhi mizizi na kumfungulia kuvu mlango, hasa kwenye udongo wa kichanga. UK77, UK82 na UK91 ni matunda ya subira hiyo. Mkulima wa leo anapopanda mbegu yenye vinyweleo, inayovumilia bakteria na kustahimili mnyauko, anapanda kazi ya vizazi vitatu vya watafiti ndani ya tundu moja.

Kuna elimu nyingine ambayo haikai kwenye mbegu wala kwenye maktaba, nayo ni ya kuijua ardhi. Miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani, Usambara, aliona kwamba udongo wa Usukuma hubadilika kwa mpangilio uleule kutoka kilimani hadi bondeni. Watafiti waliofuata hawakuhangaika kubuni majina. Walichukua ya Wasukuma wenyewe, luseni, itogolo, ibushi, mbuga, wakayaandika katika ripoti na ramani zao, na bado yanatumika. Tofauti hizo ndizo zinazoamua mbegu ifanyeje. Mnyauko hupenda luseni, ule udongo wa kichanga. Mbuga nyeusi za Bariadi na Maswa hushika maji hadi mizizi ikakosa hewa. Meatu mvua hukatika mapema. Mtafiti aliyepeleka majaribio Lubaga, Maswa na Meatu kwa misimu kumi anajua kwamba matokeo ya mwaka fulani yalipotoshwa na mvua ya Januari iliyokatika, na kwamba mbegu iliyoshika nafasi ya nne katika mwaka wa ukame ndiyo ya kutunzwa. Mgeni atasoma jedwali lilelile na kuchagua iliyoshika nafasi ya kwanza.

Sasa tazama jinsi tulivyokuwa tukiuvunja mnyororo huu wa kupokezana kazi na maarifa. Hadi katikati ya miaka ya 1970 utafiti wa pamba uliegemea shirika la Kiingereza lililoanzishwa mwaka 1921 kwa ajili ya kuvipatia pamba viwanda vya Lancashire. Sina haja ya kulipamba shirika hilo; faida ya Msukuma haikuwa lengo lake la kwanza, na nafasi za juu za utafiti hazikuwa za Waafrika. Lakini jambo moja lilifanya sawasawa: watu wake walikaa. Lilipovunjwa, kazi ikaingia serikalini. Mwaka 1980 likaundwa Shirika la Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARO. Mwaka 1989 likavunjwa, watafiti wakarudishwa wizarani chini ya idara, na idara yenyewe ikabadilishwa muundo na jina. Miaka ya 1990 ikaja na masharti ya kubana matumizi, ajira serikalini zikasitishwa kwa muda mrefu, na pengo la umri lililozaliwa wakati huo likaja kuonekana wakongwe walipoanza kustaafu. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Kila badiliko lilikuwa na sababu zake. Lakini hesabu miaka ya mbegu: kati ya UK77 na UK82 ni mitano, kati ya UK82 na UK91 ni tisa, na kutoka UK91 hadi UKM08 ni kumi na saba. UK91 ikabaki mashambani ikitawala kwa zaidi ya miaka ishirini, hadi magunia mengi yaliyobeba jina hilo yalikuwa UK91 kwa jina tu.

Hapo panahitaji ufafanuzi, maana ndipo wakulima walipoumia zaidi. Zamani mbegu mpya ilitoka Ukiriguru ikaenezwa kwa mawimbi: kata chache kwanza, kisha wilaya, kisha mkoa, na kila kinu kilijua mbegu zake ziende wapi. Mbegu za maeneo yenye mnyauko hazikuruhusiwa kwenda maeneo safi. Soko lilipofunguliwa mwaka 1994 na vyama vikuu vya ushirika, Nyanza na SHIRECU, vikashindwa kuhimili ushindani, mnunuzi aliweza kununua pamba Geita, akaichambulia Shinyanga na kugawa mbegu Bariadi. Hillocks na mwenzake Kibani, katika uchunguzi uliochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, waliona mnyauko umeshatoka kwenye mipaka yake ya zamani. Hakuna mtu aliyepitisha azimio la kueneza ugonjwa. Ilitosha tu kwamba mtu mwenye ramani ya mnyauko kichwani hakuwa na sauti mezani wakati sheria za soko zinaandikwa. Mtafiti wa serikali hatoi mbegu akamaliza. Huilinda pia, hurudia kusafisha mbegu mama kila mwaka, hung'oa mimea iliyoasi ukoo, na huonya. Ukimwondoa, mbegu haifi siku hiyo. Huchakaa polepole, na mkulima hulaumu mvua.

Anayetaka kuona gharama ya kukata kazi ya namna hii katikati aitazame mihogo. Amani, miaka ya 1930, H. H. Storey na R. F. W. Nichols walianza kuuoanisha muhogo na ndugu yake wa porini, mpira wa Ceará, wakitafuta ukinzani wa batobato na wa ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao Storey ndiye aliyeueleza kitaalamu mwaka 1936. Baadaye D. L. Jennings akaiendeleza kazi. Mwaka 1957 mpango ukafungwa. Baadhi ya mbegu zilizopelekwa Nigeria zilikuja kuwa msingi wa mihogo bora iliyoenea Afrika kutoka Ibadan. Hapa kwetu mabaki yaliishi mashambani mwa wakulima, moja likijulikana pwani ya Kenya kama Kaleso na hapa nchini kama Namikonga. Kuanzia mwaka 2004 michirizi ya kahawia ikaibuka Uganda na kanda ya Ziwa, ikaozesha mihogo ardhini majani yakiwa bado mabichi. Watafiti walipozunguka kutafuta mmea wenye kinga, walirudi kwenye Namikonga. Yaani kinga ilikuwepo nusu karne, ikiwa imehifadhiwa na wakulima wasiojua ni ya nini, huku aliyelipwa kuiendeleza akiwa hayupo.

Kwa upande mwingine, si kweli kwamba Tanzania haiwezi. Korosho ni ushahidi. Uzalishaji ulianguka kutoka tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 17,000 msimu wa 1986/87, kwa mchanganyiko wa watu kuhamishiwa vijijini, bei mbovu na ugonjwa wa ubwiri unga. Kituo cha Naliendele, Mtwara, kilipambana na ubwiri kwa salfa, na sambamba na hilo Peter Masawe, mtafiti wa mbegu, akabaki na mikorosho yake kwa miongo, mti ambao humwomba mtafiti subira kuliko hata pamba. Mwaka 2006 zilitangazwa aina bora 16, na miaka kumi baadaye zikafuata chotara kwa makumi. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 310,000. Bei nzuri ilichangia, na mfumo wa stakabadhi ghalani pia, lakini hakuna anayejua korosho atakayekana mchango wa Naliendele. Kilichokiwezesha kituo kile ni kwamba kwa miaka kadhaa sehemu ya ushuru wa korosho zinazouzwa nje ilirudi kuhudumia zao, utafiti ukiwemo, hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2018 na fedha zote zikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina. Mtu na fedha zinazotabirika vilikutana mahali pamoja. Pamba haijapata bahati hiyo kwa muda mrefu mfululizo.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia ni kwamba mbegu ni biashara, basi tuwaachie wenye kampuni. Kampuni zina nafasi yake, hasa katika kuzidisha mbegu, kuziondolea manyoya na kuzifikisha kwa wakati. Kuzalisha aina mpya ni jambo jingine. Pamba yetu si chotara. Mbegu zake zinarudi kinuni kila msimu na zinaweza kupandwa tena, kwa hiyo kampuni iliyotumia miaka kumi kuzitafuta itaziuza vizuri mara moja au mbili. Ndiyo maana kampuni hupendelea chotara, kama India, au pamba iliyobadilishwa vinasaba, kama ile ambayo baraza la mawaziri la Kenya liliiruhusu Desemba 2019. Wapo watakaosema nasi tufuate njia hiyo. Pengine siku moja. Lakini somo la Burkina Faso lisisahaulike. Nchi hiyo iliingiza pamba ya vinasaba mwaka 2008, funza wa vitumba wakapungua kweli, wakulima wakafurahi, kisha kampuni za pamba zikagundua kwamba nyuzi zimekuwa fupi na kinu kinatoa kidogo kuliko zamani. Kabla ya miaka kumi kupita nchi ikaanza kuiacha. Teknolojia ilifanya iliyoahidi; kilichopungua ni kazi ya kuirudishia mbegu ya kienyeji sifa zake kizazi baada ya kizazi. Hiyo ni kazi ya mtafiti anayeijua mbegu yake, na teknolojia ya kununua haimfanyi asihitajike.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Wakulima wengi wa Simiyu huvuna kilo 200 hadi 300 kwa ekari kwa mbegu ambayo kituoni hutoa zaidi ya mara tatu ya hizo, kwa hiyo, wanasema wapinzani, shida si mbegu: ni viuadudu vinavyochelewa, palizi ya jembe la mkono, mvua, na bei inayopangwa mbali na hapa. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Bei ikianguka msimu huu, hekta zitapungua msimu ujao hata mbegu ikiwa ya dhahabu. Takwimu za pamba zimekuwa zikipanda na kushuka hivyo tangu enzi za Victoria Federation, muungano wa zamani wa ushirika wa pamba. Lakini ushauri wa kupanda mapema, wa kuweka samadi kwenye luseni, wa matuta yaliyofungwa ili maji yasikimbie, wa nafasi ya sentimita 60 kwa 30 badala ya zile pana za zamani, na hata amri ya kung'oa na kuchoma masalia ifikapo Septemba 15, vyote vilitoka kwenye vipando vya watafiti haohao. J. E. Peat na K. J. Brown walipochapisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 matokeo yao ya Ukiriguru kuhusu mbolea, walikuwa wanatumia majaribio ya miaka mfululizo; majaribio ya msimu mmoja yangedanganya. Anayesema shida ni kilimo bora na si mbegu anatoka mlango mmoja na kuingia mwingine wa nyumba ileile. Na kuna jambo moja dogo: mkulima asiye na fedha ya ekapaki ya pili ya dawa, msaada pekee unaomfikia bila yeye kuongeza senti ni ule uliowekwa ndani ya mbegu.

Wengine husema Simiyu yenyewe inaipa pamba kisogo. Ni kweli kwamba dengu na choroko zimepata soko, na kwamba mbuga nyeusi zinazopasuka wakati wa kiangazi ndizo hasa nyumbani kwa dengu. Basi nani alizitafuta dengu bora? Aina ya Ukiriguru 1, iliyoidhinishwa mwaka 2011 pamoja na Mwanza 1 na Mwanza 2, ilipitia mikono ya kituo kilekile. Mkoa ukihama zao, hauhami haja ya mtafiti. Unaiongeza, maana zao jipya lina wadudu wapya.

Lipo na pingamizi ambalo husemwa kwa sauti ya chini: kwamba kumbakiza mtu mahali pamoja ni kufuga uzembe, kwamba wapo waliokaa vituoni miaka ishirini na hawakuacha hata aina moja ya mbegu. Wapo, bila shaka. Dawa yake si kuwahamisha wote. Kazi ya mbegu hupimika kirahisi kuliko kazi nyingi za serikali: mbegu mama zimesafishwa au hazikusafishwa, majaribio yamepandwa kwa wakati au yamechelewa, aina imefika TOSCI au haikufika, na ikipitishwa, wakulima wameipanda au wameikataa. Mtafiti apimwe kwa hayo, na apandishwe daraja kwa hayo. Leo njia ya haraka ya kuongeza kipato kwa mtafiti hodari ni kuacha vipando na kushika madaraka, au kuandika makala nyingi fupi kutokana na majaribio ya msimu mmoja mmoja. Simlaumu anayeifuata. Ukimpandisha mtafiti bora wa mbegu kuwa meneja umempata meneja mmoja, na mameneja ni wengi, lakini umempoteza mtu ambaye itakuchukua miaka kumi na tano kumpata mwingine.

Haki itendeke pia kwa Serikali. Bajeti ya utafiti wa kilimo iliongezwa sana mwaka wa fedha 2022/23, kutoka takriban shilingi bilioni 11 hadi takriban bilioni 40, na majengo, maabara na magari vimeonekana vituoni. Ongezeko hilo lilihitajika. Lakini jengo hununuliwa kwa mwaka mmoja, na ndiyo maana bajeti hulipenda. Mtu hununuliwa kwa miaka thelathini. Kinachohitajika sasa hakina gharama kubwa. Kila zao kuu liwe na nafasi mbili za watafiti wa mbegu, mkubwa na mdogo, wanaopishana kwa angalau miaka mitano kabla ya mkubwa kustaafu, ili vipando, madaftari na yale yasiyoandikwa popote vipokewe mkono kwa mkono. Kuwe na ngazi ya utumishi inayomfikisha mtafiti kwenye mshahara wa mkurugenzi bila kumtoa shambani. Na fedha za majaribio ya pamba zitengwe kwa miaka mitano mitano kutoka kwenye makato ambayo zao lenyewe tayari hutoa, zifike kabla ya Novemba. Fedha za mbegu zinazofika Februari ni risiti tu, maana hakuna cha kupanda.

Wabunge wa Simiyu husimama kila mwaka wakati wa bajeti ya kilimo kudai bei, viuadudu na malipo ya wakulima yasicheleweshwe, na wanafanya vyema. Safari ijayo wamwulize Waziri maswali manne zaidi, na wasikubali jibu la jumla: ni nani leo mtafiti wa mbegu ya pamba Ukiriguru, amebakiza miaka mingapi kustaafu, nani anajifunza chini yake, na fedha za vipando vyake zimehakikishwa kwa misimu mingapi. Viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, waulizeni wabunge wenu maswali hayohayo watakapofika kwenye mikutano yenu kabla ya mbegu za msimu ujao kugawiwa.